Dakika Tano za Kila Wiki

Huku kwetu Mbulu, mtoto akifa kabla hajapewa jina, watu husema machache. Majirani huja, hukaa, hunywa chai, hutoa pole, kisha hurudi shambani. Baada ya siku chache jambo hilo halitajwi tena. Mama hubaki na maziwa kifuani na hana wa kumnyonyesha. Wale wanaompenda humwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba ni mapenzi ya Mungu na kwamba atapewa mwingine.

Sisi tunaoandika haya ni wanawake wa usharika mmoja wa Dayosisi ya Mbulu. Tunakutana kila Alhamisi mchana kwa maombi na kusoma Neno. Miongoni mwetu wapo wakulima, walimu wawili, muuguzi mmoja mstaafu, na bibi kadhaa waliojifungulia nyumbani miaka ile ambayo gari lilikuwa likipita mara moja kwa wiki. Katika jumuiya zote za usharika wetu hakuna hata moja isiyo na mama aliyewahi kumzika mtoto wa siku moja. Kwa hiyo tulipoombwa kuandika juu ya imani na matibabu, somo tulikuwa nalo tayari mikononi.

Bibi zetu wanakumbuka zaidi ya ukimya. Katika desturi za zamani za Wairaqw, mwanamke aliyeharibikiwa mimba au kufiwa na mtoto mchanga alitengwa. Alikaa kando na watu kwa muda mrefu, hakula na jirani, hakwenda penye mkusanyiko. Iliogopwa kwamba msiba wake ungewapata wengine. Wazee hawakufanya hivyo kwa ukatili. Walikuwa wakilinda kijiji kwa kadiri ya ujuzi waliokuwa nao. Desturi hiyo imekwisha, na Injili imechangia kuiondoa. Lakini kitu kimoja kilibaki nyuma yake kama moshi unavyobaki kwenye paa baada ya moto kuzimwa: lile wazo kwamba kifo cha mtoto mchanga kina sababu iliyofichika, na kwamba sababu hiyo huenda imo ndani ya mama mwenyewe. Pengine alitembea usiku, pengine aligombana na mama mkwe, pengine aliomba kwa imani haba.

Ndiyo maana habari tunayotaka kuieleza ina uzito kwetu. Haikutoka mbali. Ilitoka hapa hapa wilayani, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway na ambayo leo ni ya dayosisi yetu.

Mwishoni mwa mwaka 2009 ulianza pale utafiti ambao ukiusikia unaona ni mdogo sana. Wasaidizi wa utafiti waliofundishwa kazi hiyo walipangiwa zamu usiku na mchana ndani ya chumba cha kujifungulia. Mtoto alipotoka, walihesabu muda. Je, alilia mara moja? Kama hakulia, alikaushwa na kusuguliwa mgongo baada ya sekunde ngapi? Kama bado hakupumua, alianza kusaidiwa hewa baada ya muda gani? Waliandika kila kitu, mtoto kwa mtoto, maelfu ya watoto. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwemo daktari kutoka Norway, Hege Ersdal, pamoja na Watanzania, akiwemo Dk. Estomih Mduma wa Haydom.

Hesabu hiyo ilifundisha jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua. Watoto wengi huanza kupumua wenyewe. Wachache huhitaji kukaushwa vizuri na kusuguliwa ili waamke. Na wachache zaidi, ambao walikosa hewa wakati wa uchungu, hutoka wakiwa wamelegea, wa rangi ya kijivu au weupe, kimya. Kwa macho wanaonekana wamekufa. Mapafu yao bado yana majimaji ya tumboni, na hawana nguvu ya kuvuta pumzi ile ya kwanza ya kuyasukuma. Hao wanahitaji mtu wa kuwafunika pua na mdomo kwa kikombe kidogo cha plastiki na kuwasukumia hewa taratibu kwa mfuko ambao wauguzi huuita ambu, mpaka kifua kinyanyuke. Hiyo inatakiwa ianze ndani ya dakika moja baada ya kuzaliwa. Wakunga huiita dakika ya dhahabu.

Hesabu za Haydom zilionyesha kwamba miongoni mwa watoto waliohitaji hewa, kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Sekunde 30 ni muda wa kutafuta kikombe kilichowekwa kabatini. Ni muda wa kumwita mwenzako aliye chumba cha pili. Ni pungufu ya muda tunaotumia kusema Sala ya Bwana kanisani.

Basi, dawa ikajulikana. Kilichobaki, mtu angedhani, ni kuwafundisha wahudumu. Na hapa ndipo utafiti huu ulipotugusa sisi, maana haukuishia pale ambapo sote tungeishia.

Mwezi Aprili 2010 wahudumu wa Haydom walipewa semina ya siku moja. Walitumia mwanasesere wa mazoezi, mwenye ukubwa na uzito wa mtoto mchanga, ambaye kifua chake hupanda ukimpa hewa sawasawa. Mafunzo yalikuwa mazuri. Walipopimwa tena kwa mwanasesere miezi baadaye, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini wale waliokuwa wakihesabu sekunde chumbani waliendelea kuhesabu, na hesabu yao ikasema ukweli mchungu: kwa watoto halisi hakuna kilichobadilika. Ujuzi uliokuwepo mezani haukufika kitandani.

Tunawashukuru waliotangaza jambo hilo. Lilikuwa jambo rahisi kulificha. Watu wangeweza kupiga picha za semina, kugawa vyeti, na kuandika kwamba wahudumu wote wamefundishwa. Badala yake waliliandika na kulichapisha ili dunia isome kwamba semina ya siku moja, peke yake, haikutosha kubadili kazi ya chumbani. Kwa mtu aaminiye, huko nako ni kutembea nuruni.

Wakajaribu njia nyingine. Kuanzia Februari 2011 mwanasesere aliletwa kwenye chumba cha kujifungulia penyewe. Kila wiki wahudumu walifanya mazoezi mafupi, dakika 3 hadi 5 tu, kazini kwao, na wenzao waliochaguliwa humo humo wakiwahimiza. Hakukuwa na mgeni wa kutoka mbali wala posho ya safari. Walishika ambu, wakafunika uso, wakasukuma hewa, wakatazama kifua. Wiki iliyofuata walirudia.

Katika mwaka uliotangulia mazoezi hayo, watoto 11 hivi katika kila 1,000 walifariki ndani ya saa 24 za kwanza. Katika mwaka uliofuata walikuwa 7. Hospitali ilikuwa ikizalisha akina mama karibu 4,800 kwa mwaka. Tulikaa Alhamisi moja tukapiga hesabu kwa kijiti chini ya mti: ni watoto kama 19 kwa mwaka mmoja. Darasa zima la shule ya Jumapili. Wale wa mwaka ule wa kwanza sasa wako kwenye miaka ya kipaimara, na huenda baadhi yao ndio wanaotusukuma wakikimbilia viti vya nyuma.

Njia hiyo haikubaki Haydom. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya hospitali 8 za Tanzania zilizofundishwa kuwasaidia watoto kupumua, na vifo vya saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47. Baadaye kikabuniwa kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto akiwa bado tumboni, nacho kikapewa jina la Kiswahili, Moyo, ili mkunga ajue mapema mtoto gani anachoka. Halafu kati ya mwaka 2021 na 2023 mpango mpana zaidi ulifanywa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Vifaa bora viliunganishwa na mazoezi yale yale mafupi ya mara kwa mara, na wahudumu wakatazama takwimu zao wenyewe. Februari 2025 matokeo, yakiongozwa na Mtanzania, Dk. Benjamin Kamala, yalitoka katika jarida la New England Journal of Medicine. Ulikuwa utafiti wa akina mama na watoto wapatao 300,000. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vifo vya akina mama wazazi kwa takriban asilimia 75.

Habari hizo zilipotufikia tulimwimbia Mungu. Kisha mama mmoja katika kikundi chetu, ambaye hujaza nafasi kwa ukimya wake kuliko wengine kwa maneno, aliuliza swali. Alifiwa na mtoto wake wa kwanza miaka mingi kabla ya mazoezi hayo kuanza, katika kituo cha mbali. Mtoto alitoka kimya. Alifungwa kitambaa, akawekwa pembeni. Akauliza, "Basi wangu angepona?"

Hatukujibu haraka. Muuguzi wetu mstaafu alimshika mkono, akasema, "Inawezekana, dada yangu. Miaka ile mambo haya hayakuwa yamejulikana. Ila hakufa kwa sababu ya kosa lako. Alikosa hewa."

Yule mama alilia, nasi tulilia naye. Lakini wiki zilizofuata alituambia kwamba maneno hayo mawili, alikosa hewa, yalimwondolea mzigo ambao mapenzi ya Mungu, kwa jinsi alivyoambiwa, yalimtwika. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza Mungu alikuwa akimwadhibu kwa lipi. Sasa alijua jina la adui, na halikuwa jina la Mungu.

Tangu siku ile tunaogopa kusema upesi kwamba kifo fulani ni mapenzi ya Mungu. Tunaamini kwamba uhai na kifo vimo mikononi mwake, na hatuliachi hilo. Lakini marafiki wa Ayubu walifanya vema kwa siku saba walizokaa chini naye kimya. Walikosea walipoanza kueleza. Na kama Mungu ameruhusu jambo lijulikane, kwamba mtoto huyu anahitaji hewa ndani ya dakika moja, basi kuendelea kumsingizia yeye kwa jambo tunaloweza kulizuia ni kumsemea uongo.

Wapo ndugu wanaouliza kama kutegemea mashine na takwimu si kupunguza imani. Tunawaalika wasome habari za Elisha na yule mwanamke Mshunami, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne. Mtoto wa mama yule amekufa. Nabii kwanza anamtuma mtumishi wake Gehazi atangulie na fimbo, akaiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi anafanya alivyoagizwa, na mtoto haamki. Kisha Elisha anafika mwenyewe. Anafunga mlango, anaomba. Halafu anamlalia mtoto, mdomo kwa mdomo, macho kwa macho, mikono kwa mikono, na mwili wa mtoto unaanza kupata joto. Hata hapo kazi haijaisha. Anashuka, anatembea nyumbani huku na huku, anapanda tena, anarudia. Ndipo mtoto anapiga chafya mara saba na kufumbua macho.

Tumesoma habari hiyo mara nyingi, lakini baada ya kuijua kazi ya Haydom tuliona ndani yake vitu tusivyoviona mwanzo. Fimbo iliyotumwa kutoka mbali haikutosha. Sala haikuondoa kazi ya mikono, wala mikono haikuondoa sala. Na aliyefanya mara ya kwanza pasipo kuona matokeo kamili alirudia. Elisha hakuona aibu kurudia.

Kanisani tunapenda semina. Mnenaji anatoka mbali, tunapika wali, tunaimba, tunaandika daftari likajaa. Semina ni njema, nasi hatuzipingi. Lakini utafiti huu unatuuliza kwa upole: baada ya semina, ni nini kinachobadilika kitandani, shambani, jikoni, kati ya mume na mke? Upendo pia una mazoezi yake mafupi. Ni dakika tano za kumsalimu mgonjwa kila wiki, wala si saa tatu za mara moja kwa mwaka. Ni kusameheana leo jambo dogo, ili siku jambo kubwa litakapokuja mkono uwe umezoea. Haba na haba hujaza kibaba. Muuguzi aliyeshika ambu wiki iliyopita haanzi kutafuta kikombe kabatini usiku wa manane. Kadhalika Mkristo aliyezoea kuomba hatafuti maneno siku ya msiba.

Kwa hiyo katika usharika wetu tumeanza mambo matatu, madogo kama yale ya Haydom.

La kwanza, kila Jumapili baada ya ibada tunatumia dakika tano hapo nje. Tunauliza: ni nani ameingia mwezi wa tisa? Nyumba yake iko wapi, korongo gani linafunga njia mvua ikinyesha, na nani ana pikipiki? Wahudumu wanaweza kuwa hodari namna gani, lakini dakika ya dhahabu haimfaidii mtoto ambaye mama yake bado anasubiri usafiri ng'ambo ya mto. Tuna mfuko mdogo wa nauli. Sadaka yake ni ya shilingi mia tano na elfu moja, na inatosha kumpeleka mama akae karibu na hospitali kabla uchungu haujaanza. Wanaume wameombwa wakae nasi katika dakika hizo, kwa sababu mara nyingi ruhusa na pesa ziko kwao.

La pili, tunapomtembelea mhudumu wa afya hatumpelekei lawama tu. Muuguzi wa zahanati anayezalisha peke yake usiku kwa taa ya simu anahitaji kusikia kwamba kanisa linamwona. Tunamwombea kwa jina, tunamletea uji, na tunamwuliza swali moja: ambu iko wapi, na mara ya mwisho umeifanyia mazoezi lini? Mwanzoni tulidhani swali hilo lingechukiza. Wengi wamelifurahia.

La tatu, mtoto akifariki, tunamzika kwa sala. Tunauliza wazazi wangependa aitwe nani, na tunalitaja jina hilo mbele za Mungu. Hatusemi kwamba watapewa mwingine. Mwingine ni mwingine. Tunarudi baada ya wiki, na baada ya mwezi, na tunalitaja jina tena, maana ukimya ndio uliokuwa kutengwa kwa pili.

Tunajua bado watoto watafariki. Wapo wanaozaliwa kabla ya wakati, wapo wenye maambukizi, wapo ambao kila kitu kilifanyika vizuri na pumzi haikuja. Saba katika elfu bado ni saba, na kila mmoja ana mama. Hatuandiki kama watu ambao wamelimaliza fumbo la mauti. Tunaandika kama watu walioambiwa kwamba sehemu yake moja iko mikononi mwetu, na kwamba sehemu hiyo ina upana wa dakika moja.

Tena tusisahau kwamba ujuzi huu una wenyewe. Akina mama waliokubali wahesabiwe sekunde zao wakiwa katika uchungu ni mama zetu, shangazi zetu na binti zetu, Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wanyisanzu, waliokuja kwa miguu, kwa ng'ombe wa kukokota na kwa gari la wagonjwa. Wengi wao hawasomi majarida ya kitabibu. Lakini leo mtoto anayezaliwa Geita au Tabora akiwa kimya, kisha akalia, amesaidiwa nao. Biblia inatuambia kwamba Mungu alimpulizia mwanadamu wa kwanza hewa puani akawa hai. Ametuona tunafaa, sisi watu wa vilima hivi, kushiriki kidogo kazi hiyo.

Ee Bwana, wakumbuke wanaozaa usiku huu na wanaowazalisha. Uwape mikono iliyozoea. Wakumbuke waliotoka kimya na hawakulia, ambao majina yao unayajua hata pale sisi tulipochelewa kuwapa. Nasi utupe moyo wa kurudia jambo jema wiki hii, na wiki ijayo tena. Amina.